Udongo wa Kisima cha Mtu Mmoja
Ndugu zangu wa mwethya, na nyinyi wageni mliokuja kula ndengu zetu, salamu zangu ni fupi kwa sababu niko na maneno mengi. Mimi ndiye yule aliyetoroka kikundi kwa sababu ya kitabu. Mnacheka, na mko na haki.

Wageni wanielewe. Nilizaliwa mji wa Salama, pale kwa barabara kuu, nikaolewa huku Kanyangi. Mume wangu alipofariki nilibaki na watoto wawili na shamba la mteremko. Kikundi hiki cha mwethya kinalimiana kwa zamu: Jumanne hii kwangu, ijayo kwako, tunachimba mitaro ya fanya juu, udongo tunautupa upande wa juu wa mtaro, ili mvua isiubebe. Mimi nilikuwa nachimba nikiwa nimenuna. Nilijiona mtu wa lami, mtu wa kusoma, aliyetupwa kati ya watu wa jembe. Nawaambia hivyo bila kuficha.

Basi nikaanza kuandika riwaya kwa madaftari ya watoto. Ilikuwa ya nchi ya miaka ijayo. Huko mvua ni mali ya serikali, na ni marufuku mtu kufanya kazi peke yake. Watu wanachimba kwa makundi, wanaimba watake wasitake, na mwenye kusema "mimi naona hivi" ananyimwa maji. Shujaa wangu anawadharau wote. Anatoroka, anachimba kisima chake mwenyewe, futi arobaini, anapata maji, na hampi mtu hata kikombe. Yale makundi, ndugu zangu, yalikuwa nyinyi. Hata nyimbo nilichukua zenu.

Kidogo kidogo nikawa kama yule mtu wangu. Nikamwambia mwenyekiti, "Sitakuja tena. Niko na kazi ya akili."

Akanijibu, "Sawa, mama. Ukimaliza hiyo ya akili, sisi tuko."

Misimu miwili mitaro yangu ikajaa mchanga, nikaiangalia tu. Halafu mvua ya Novemba ikafungua korongo katikati ya shamba, ikabeba mahindi, ikafika hatua chache kutoka jikoni. Nyumba ilikuwa inaenda, na watoto wangu wako ndani. Kuwaita niliona aibu. Nilijiambia shujaa wangu hangeita mtu. Nikachimba peke yangu siku tisa, mpaka mgongo ukanishika nikaanguka kwa matope. Nililia pale chini, na hata wakati huo nilikuwa naomba mtu asipite akaniona. Nikatambaa hadi kitandani.

Asubuhi yake nikasikia majembe nje. Mwenyekiti akaingia.

"Nani aliwaita?" nikauliza.

"Ni Jumanne, na zamu ni yako. Tulikuwa tunakuruka tu ulivyotaka, lakini jina hatukufuta."

Mnajua sheria yetu, mwenye shamba ndiye hupika. Na mimi hata kugeuka siwezi. Mlikuja na isyo yenu kwa sufuria, mahindi na maharagwe, mkanibeba nje na godoro langu, na wakati wa kula mama mmoja wa ng'ambo ya mto akasema, "Kama hukupika, tusomee hicho kilichokutoa kwetu."

Nikasoma, nikiruka pale mnapotukanwa. Nilipofika kwa kisima, yule mama akainua mkono.

"Ngoja kwanza. Huyu mtu yuko chini, futi arobaini, peke yake?"

"Eeh, peke yake."

"Na udongo, nani anauvuta juu?"

Mlicheka mpaka mwingine akamwaga chakula. Kila mtu hapa amechimba kisima. Anajua chini kuna mmoja, na juu kuna mwenye kamba. Mimi sikujua, maana siku za kisima nilikuwa najificha na daftari langu. Nikacheka pia, mgongo ukiniuma vibaya, na nikasikia mzigo umenitoka. Tangu mume wangu azikwe sikuwa nimecheka na watu namna hiyo.

Mlichimba siku tatu. Korongo likazibwa kwa mawe, mitaro ikarudi. Na mimi nikiwa nimelala nikaandika upya. Kiburi cha yule shujaa sikukitoa, kwa sababu bila hicho hangethubutu kuanza. Lakini nilimweka mwanamke juu ya kisima, ameshika kamba. Hapo hadithi ikashika moto, kwa sababu kila ndoo ikipanda, maisha ya shujaa yako mikononi mwa mtu ambaye yeye alikuwa akimdharau.

Sasa tazameni. Hizi ndengu mnazokula zimetoka kwa mteremko ule ule. Na kitabu kimechapishwa, kiko kwa mkoba huu. Tumeshinda, ndugu zangu.

Kwa hayo yote, muvea muno, asanteni sana. Na kama kuna hapa mtu mwenye kichwa chake, akitumie, asiogope kuwa tofauti. Mimi bado naandika peke yangu, na Jumanne nachimba nanyi. Ila asijidanganye kwamba yuko shimoni na juu hakuna mtu.

Neno la mwisho. Mhariri alinipigia simu, akasema mwanamke wa kamba ndiye moyo wa kitabu, akauliza nilimtoa wapi. Ulimi wangu ulitaka kusema nimemtunga mwenyewe. Ulikuwa umeshafika kwa meno. Nikamwambia ukweli, kwamba yuko, na anaishi ng'ambo ya mto wetu.

Jina sitalitaja. Lakini mama, unajijua. Inuka uje uchukue nakala ya kwanza.