Roswitha Däuble na Maboksi ya Kijivu

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Bi. Roswitha Däuble anastaafu kutoka idara yetu ya macho ya magari hapa Nürtingen. Huku kwetu Swabia, kusini mwa Ujerumani, mtu asipokaripiwa hujua kwamba amesifiwa. Leo tunaivunja desturi hiyo, naye atatuvumilia.

Alijiunga nasi akiwa mhandisi kijana, enzi ambazo kompyuta ya kusoma picha ilijaza gari zima la mizigo na kutoa joto jingi hivi kwamba wakati wa baridi watu waligombea kukaa nyuma. Kazi ilikuwa kulifanya gari lione kilicho barabarani na kufunga breki lenyewe, kwa kamera mbili zilizopachikwa nyuma ya kioo cha mbele. Mgeni akiuliza kwa nini mbili, Roswitha alimpa sindano na uzi, akamwambia afumbe jicho moja atunge. Akishahangaika vya kutosha, alielezwa kwamba kila jicho hukiona kitu mahali tofauti kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayotuambia kitu kiko umbali gani. Mheshimiwa mmoja alijidunga kidole. Plasta alipewa, ila maelezo hayakufupishwa.

Kamera zake hazikuguswa ovyo. Msaidizi wake, Volkmar Rentschler, aliwahi kutundika koti kwenye chuma kinachozishikilia, chuma kikapinda kwa unene wa unywele, na siku nzima gari likaogopa miti iliyokuwa mbali kabisa. Tangu hapo Volkmar huulizwa kila asubuhi koti lake liko wapi.

Lakini tunaloshukuru zaidi ni jambo la maboksi. Sisi Waswabi ni wabana matumizi, na kwa miaka mingi tulijaribu magari yetu kwa kuyawekea njiani maboksi yale yale ya karatasi ngumu. Boksi likigongwa, tulilifunga kwa selotepu ya kahawia, tukaliandika tarehe kwa kalamu nene, tukalirudisha kwenye uwanja wa majaribio. Magari yaliyaona vizuri ajabu, nasi tukavimba vichwa.

Kisha wakurugenzi wakatangaza kwamba wanakuja kuamua kama mradi uendelee au ufungwe. Roswitha aliyaona maboksi yale yenye viraka, akaona aibu. Jumamosi tulifagia uwanja mzima, na kwa amri yake tukayapaka maboksi rangi moja ya kijivu. Yalipendeza. Jumatatu asubuhi, kwenye zoezi la mwisho, yeye mwenyewe akiwa kwenye usukani, gari lilipita katikati ya boksi bila kugusa breki.

Sababu ilijulikana haraka. Ili kamera mbili zikubaliane kuhusu umbali, lazima zote zipate alama ile ile kwenye kitu. Selotepu na maandishi yetu yalikuwa yakizipa alama chungu nzima, lakini boksi lisilo na doa, lenye rangi ya lami, halikuwa na pa kushika. Ubahili wetu ulikuwa umelifundisha gari kuyaona maboksi yetu tu.

Wageni walikuwa wafike saa nane mchana. Volkmar alikuwa na dawa tayari: selotepu irudishwe, gari lifunge breki, na watu wabaki na kazi zao. Wengi waliafiki, maana kila mmoja alikuwa na pango la kulipa na watoto wa kulisha. Roswitha alimgeukia msaidizi wake.

"Volkmar, ndugu yangu, huko barabarani nani atatangulia kubandika?"

"Mradi ukifungwa, hata hizo kamera hazitakuwepo," alijibu Volkmar. "Hapo utakuwa umemwokoa nani?"

"Sijui. Ila nikiwadanganya leo, kesho nitakuwa nauza gari lisiloona."

Saa nane alimketisha mkurugenzi mkuu kando yake, akamwambia afunge mkanda, akaligonga boksi la kijivu huku mkurugenzi akitazama. Kisha akamweleza kila kitu. Mficha uchi hazai, na Roswitha hakuficha hata viraka vya zamani. Mkurugenzi akauliza anahitaji muda gani. Aliomba miaka miwili, akapewa mmoja.

Mwaka huo tulikusanya kila takataka inayoweza kudondoka kwenye lori: magodoro, mabomba, milango, hata sinki la jikoni. Gari lilifundishwa kuijua kwanza barabara yenyewe, mwinuko na mteremko wake, halafu kujiuliza ni kitu gani kimejitokeza juu yake, hata kikiwa hakina alama. Kazi ilifaulu, na mradi ukaendelea. Volkmar hakukubali kushindwa. Kwa miaka mingi alimtania bosi wake kwamba alicheza bahati nasibu kwa mishahara ya wenzake.

Novemba iliyopita, jioni ya manyunyu, Volkmar alikuwa akirudi nyumbani. Gari lake, lenye kamera zetu, lilifunga breki lenyewe kabla hajaona chochote. Mbele ya taa alikuwa amelala mzee mwenye koti la mvua la kijivu, ameanguka na baiskeli yake, mguu umevunjika. Kesho yake Volkmar aliingia kantini, akaketi mbele ya Roswitha na sahani ya dengu na tambi, asiweze kula.

"Tungebandika ile selotepu," alimwambia, "jana ningemuua mtu."

Roswitha alimshika mkono kidogo, kisha akamwambia ale, dengu zinapoa.

Dada Roswitha, umetufundisha, umetukaripia tulipostahili, na tunakupenda, ingawa si kawaida yetu kusema hivyo. Nenda ukapumzike na mumeo Gebhard na mizabibu yenu. Tunakuombea afya, furaha na miaka mingi. Yule mzee ameanza kutembea tena. Jina lako hajawahi kulisikia, na huenda asilisikie kamwe. Kwa hiyo asante tunayokupa leo ni yetu, na ni yake pia.