Bi. Verediana Kalinga na Visiki vya Mtera

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Verediana Kalinga, msimamizi wa boti na usalama katika klabu yetu ya mashua za tanga hapa Mtera, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Wanachama wanaokuja wikiendi kutoka Iringa na Mbeya wanamjua kwa filimbi yake. Sisi wafanyakazi tunamjua kwa ukali, na mimi mpishi nimepata fungu langu la kutosha.

Aliajiriwa kushona matanga yaliyochanika. Haikupita miaka mingi akawa ndiye nahodha wa boti ya uokoaji. Mabwana wazima waliowahi kuingia majini bila jaketi la kuokolea wanakumbuka walivyorudishwa nchi kavu kwa maneno makali, tena mbele ya wake zao.

Bwawa letu lina tabia yake. Kiangazi maji hurudi nyuma, tukavuta mashua kwenye tope mpaka viuno vinauma. Miti iliyozama zamani hujitokeza, na kila mtu huiona na kuikwepa. Hatari huja maji yanapopanda tena na kuvifunika visiki kidogo tu. Ndiyo maana kila kiangazi Bi. Verediana hufunga dumu la njano la mafuta ya kula kwenye kila kisiki, ili lielee juu yake. Masika humpigia simu Chiku, rafiki yake anayeuza mchele Igawa, amweleze mto umefika wapi pale darajani, kwa sababu maji ya kule ndiyo yanayotujia sisi.

Pasaka ya miaka sita iliyopita Chiku alisema mto umefura. Maji yakapanda wiki nzima, wanachama wakashangilia. Asubuhi ya mashindano Bi. Verediana alitazama bwawa asione dumu hata moja. Madumu yetu huibwa sana, ni mazuri kwa kuchotea maji. Akashuka mwaloni, wavuvi wanakoegesha mitumbwi, akawaita wezi mbele ya watoto wao. Kisha akaruhusu mashua saba ziondoke, akiwaonyesha njia kwa kukadiria kutoka ufukweni. Hakukumbuka kwamba ufukwe wenyewe ulikuwa umesogea.

Mashua zikaja na upepo mgongoni. Yeye alikuwa mbele na boti ya injini alipoona rangi ya njano chini ya maji, ubavuni kabisa. Dumu lilikuwepo. Alilifunga mwenyewe kwa kamba fupi isije ikanasa usukani wa mashua, na maji yalipopanda, kamba ikalizuia kulekule chini. Madumu yote yalikuwa chini, na mashua saba zilikuwa zinayaendea.

Alipuliza filimbi, upepo ukaimeza. Akakata kona kuzifuata, boti ikagonga kisiki na propela ikavunjika. Mimi nilikuwa ufukweni na sufuria za pilau. Nikamwona anatoka ndani ya boti, anapanda juu ya kisiki, anasimama katikati ya bwawa lenye mamba, maji yamemfika magotini, anapunga jaketi lake la rangi ya machungwa. Mashua sita zikaelewa na kushusha matanga. Anaposimama binadamu, mashua itapita wapi?

Ya saba ilikuwa ya Bwana Faraji, mfanyabiashara wa Mwanjelwa, na binti yake Naima. Tanga liliwaziba macho. Mashua ikapasuka chini, wote wawili wakaanguka, na mguu wa Naima ukanaswa kwenye matawi ya mti uliozama. Bi. Verediana akaogelea, akakishikilia kichwa cha yule binti juu ya maji huku mikono ikimwishia nguvu. Aliyewafikia kwa mtumbwi alikuwa Lusekelo, mmoja wa wavuvi walioitwa wezi asubuhi ileile.

“Mama, mwachie sasa, tunaye,” alimwambia, lakini Bi. Verediana hakumwachia binti mpaka mguu ulipotoka.

Jioni alirudi mwaloni, nguo zikiwa bado mbichi. Akasema mbele ya wote: “Hamkuiba. Mimi ndiye niliyefunga kamba fupi. Nisameheni.” Lusekelo akajibu kwamba kosa hilo linaisha kwa pilau. Basi sufuria zangu zote zikaenda mwaloni, na wanachama wakala mkate na chai. Hakuna aliyethubutu kulalamika.

Naima alipona, na leo anaendesha mashua yake mwenyewe. Tangu siku ile hakuna aliyeumia kwenye maji yetu. Kamba za madumu sasa ni ndefu, na hurefushwa au kufupishwa kila maji yanapobadilika. Lakini mlinzi wetu anasema mvua ikinyesha, hata saa ngapi, humkuta Bi. Verediana ufukweni na tochi, anatafuta rangi ya njano.

Mama Kalinga, tunakushukuru kwa kila aliyerudi nchi kavu. Kamba tumezishika sisi sasa. Tunakuombea uzee wenye afya huko kwako Iringa, na mvua itakaponyesha, ulale mpaka asubuhi.