Marumaru Isiyo na Jina

Mwalimu mstaafu hakungoja hata kukaa sawasawa ndani ya basi. Jirani yake, mchonga mawe ya makaburi, alikuwa amepakata kibao cha marumaru ndani ya gunia, na hilo likatosha kuanzisha somo.

"Neno marumaru tumelipata kwa Waarabu, nao wakalipata mbali zaidi, kwa Wagiriki. Ni jiwe linalong'aa. Hakuna zaidi."

"Hung'aa likilowa, mama," fundi alijibu taratibu. "Ndiyo maana hatulilowanishi kabla ya kuchonga jina. Likilowa, hujichagulia jina la wa kwanza kujitazama ndani yake."

"Mwanangu, hayo ni maneno ya karakana! Mimi nazungumzia asili ya neno."

"Na mimi nazungumzia jiwe."

Mwalimu hakuzoea kubishiwa. Alifunua gunia, akakipulizia kibao pumzi kama anayesafisha miwani, kikalowa, akajitazama. Uso wake ulikuwamo. Alipojiegemeza nyuma, uso ulibaki palepale, ukimkodolea macho.

Basi lilisimama. Fundi alikuwa ameshachomoa penseli sikioni.

"Samahani, mama. Jina lako kamili ni nani?"