Kimya cha Jeanne

Mgeni rasmi, mkuu wa studio ya radio,

Ulipoingia ulimsikia Paulin, mpiga violini, akipiga kelele: “Baba Bwalya, toa ile kosa! Bantu ba radio batatucheka!” Na mzee Bwalya, mpiga akodioni wetu, akamjibu, “Wewe fanya yako, mutoto.” Hatuwezi kujifanya hukusikia. Karibu mtaani kwetu Kamalondo.

TULIKOTOKA

Sisi ni wafanyakazi wa mgodi, mshonaji mmoja, na katibu anayesoma risala hii. Tulianza na santuri ya tango ya orkestra ya zamani ya Buenos Aires, ambayo Bwalya aliinunua kwa Mgiriki mmoja mwenye duka alipomuoa Jeanne. Tuliisikiliza mpaka kila mtu akaijua sehemu yake.

TULICHOFANYA

Kinanda chao cha kuvuta, bandoneoni, hatuna. Tuna akodioni ya Bwalya. Mshonaji aliifunika matundu kwa kitambaa cha koti, ikaacha kupiga kelele, ikaanza kulia kama kile cha santuri. Waliowahi kuwa na santuri hiyo wanatuambia hawaoni tofauti.

Ila moja.

SHIDA

Siku moja Jeanne, akicheza na mumewe sebuleni, aliigonga meza ya gramafoni kwa kiuno. Sindano ikakwaruza santuri. Tangu hapo ikifika katikati inaruka na kunyamaza kidogo, na sisi tukajifunza wimbo hivyo hivyo: wote tunakatika, kimya, kisha tunarudi pamoja. Mwezi uliopita Paulin aliisikia santuri kama hiyo, isiyo na mkwaruzo, huko kwenye hoteli ya Karavia. Hakuna kimya.

Jeanne tulimzika masika iliyopita. Bwalya anapofika pale hufumba macho. Anasema, “Ile haiko kosa. Jeanne iko pale.”

Daktari amemkataza kubeba akodioni kwa sababu ya kifua. Amekubali kuiacha baada ya leo. Kwa hiyo mtakachonasa leo ndicho kitakachobaki.

OMBI

Hapa tulikuwa tumeandika kwamba utupe wiki moja tusahihishe wimbo. Katibu anafuta mistari hiyo mbele yako. Tunaomba tu kwamba, tukinyamaza, fundi wako asizime mashine.

Paulin anainua mkono. “Basi, baba. Tunyamaze wote.” Hakuna anayepinga.

Mungu akutunze, mgeni rasmi, wewe na wale unaowapenda, walio hai na waliotangulia.

Ni sisi, Orkestra Tango ya Kamalondo.

Fundi, washa. Baba Bwalya, anza, tunakufuata.