Mpigo wa Godefroid

Kwanza niliona ukucha wa kidole gumba cha mzee mmoja, ukucha wa kupigia gitaa, mrefu kuliko wangu. Tulikuwa katika mtumbwi wa kuvuka Lualaba, na mama muuza mchele alikuwa akimsuta: "Papa, unafundisha gitaa kwenye Facebook bure? Watauiba mupigo wa ndugu yako!" Mchele wake, bila shaka, haukuwa wa bure.

"Ndugu yangu Godefroid aliuficha," mzee alijibu. " Vita ikamuua, na mupigo karibu ufe naye. Njo maana naogopa kuuficha."

"Na nani anajifunza?"

Mzee alitoa simu yake. "Hakuna anayeandika hata neno chini ya video. Leo nitafuta video zote."

Mtumbwi ukagusa ukingo, wakashuka. Nami nikafungua Facebook, nikaandika chini ya video yake:

Papa, usifute. Naonea haya mwandiko wangu tu. Vidole vyangu vimeshaujua ule mpigo.