Koti la Mgombea

Ukitaka kujua nani atashika uenyekiti wa mtaa, usijisumbue kwenda ofisini. Njoo ukae kwenye benchi lililo mbele ya kibanda cha kinyozi, kama utapata nafasi. Ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, umelainika kwa kukaliwa na watu wasio na haraka. Upande mmoja hukaa Soli, fundi viatu, na kasha lake la misumari na gundi. Katikati hukaa mzee aliyewahi kumwendesha mheshimiwa fulani kwenye gari, zamani hizo, na tangu astaafu hawezi kuomba hata maji bila kutaja mkakati. Wakamwita Mkakati, na jina likamkaa. Mama muuza kahawa, Birika, ana kigoda chake karibu na jiko, na ulimi wake una moto kuliko jiko lenyewe. Mwenye kibanda wanamwita Wembe, ingawa ni mtu mpole, hata kuku akiingia dukani humwomba atoke. Asubuhi hiyo Wembe alikuwa mgombea, na alikuwa amekaa benchini na wenzake kwa sababu moja tu: hapakuwa na kichwa cha kunyoa.

— Kwanza tukubaliane, — Mkakati akaanza, akipuliza kikombe chake. — Hatujashindwa. Tumepungukiwa na vichwa.

— Mmepungukiwa na akili, — Birika akasema. — Mmenyoa mtaa mzima bure. Sasa mnakaa hapa mnangoja nywele ziote kabla ya kura?

Wembe akainamia kahawa yake. Ukweli ulikuwa huo huo, hata kama ulikuwa unauma. Mpango wa kwanza ulikuwa mzuri, tena ulikuwa wake mwenyewe: mwanamume akishakaa kwenye kiti cha kinyozi, kitambaa shingoni na mashine sikioni, hana pa kukimbilia; hapo ndipo unamweleza sera zako taratibu mpaka akubali. Soli ndiye aliyeongeza kwamba wanyolewe bure, ili waje wengi. Wakaja wengi. Walikuja wote kwa mpigo, foleni ikazunguka kona, wakawa wanasukumana na kugombana, na Wembe akanyoa kichwa baada ya kichwa bila kupata nafasi ya kusema hata habari za nyumbani. Sasa wanaume wa mtaa walikuwa wanang'aa, na hakuna aliyekuwa na shida na kinyozi.

— Kiti kilikuwa mkakati, — Mkakati akafafanua. — Bure ilikuwa mbinu. Mbinu imekula mkakati.

— Sema tu ni mimi, — Soli akajibu. — Usizunguke.

— Sikusema ni wewe.

— Umeniangalia.

— Ndevu bado zipo, — Wembe akajaribu, kuwapatanisha.

— Ndevu za nani? — Birika akauliza. — Na sisi wanawake tunyolewe nini?

Nusu ya mtaa haijawahi kukanyaga kibanda cha kinyozi, na hilo lilikuwa halijamjia mtu yeyote akilini tangu kampeni ianze.

Soli akaweka chini kiatu alichokuwa anakipiga msumari.

— Miwani, — akasema. — Tumvalishe miwani. Mtu akivaa miwani, hata akikosea watu wanadhani wao ndio hawakuelewa.

— Macho yangu mazima, — Wembe akasema.

— Tunatoa vioo. Nani ataingiza kidole kuangalia?

— Hayo ni mambo madogo, — Mkakati akasema. — Mheshimiwa wangu alikuwa na kitu kimoja: kukosekana. Mkutano ukiwa asubuhi, anafika jioni. Tunakaa kwenye gari nyuma ya jengo, yeye amelala, mimi nimelala, watu huko wanamsubiri mpaka wanampenda. Wembe apotee. Afunge kibanda, asionekane popote, watu waanze kuulizana. Siku ya kura anatokea.

— Na wakisahau kuulizana?

— Tunawakumbusha.

— Basi na augue, — Soli akadakia, macho yamemtoka kwa jinsi wazo lilivyomkolea. — Akipotea tu watasema kakimbia. Akiugua watamhurumia. Tunafunga pazia, mimi nasimama mlangoni na uso wa huzuni, mtu akija namwambia kwa sauti ya chini kwamba jana hata jina lake hakulikumbuka.

— Mgombea asiyejua jina lake? — Birika akauliza.

— Siku ya kura analikumbuka. Watu wanaona muujiza.

Hata Wembe mwenyewe akacheka. Birika hakucheka. Alimimina kahawa, akamsogezea Soli kikombe, kisha akasema polepole:

— Na akiugua, wa kwanza kuingia na kukaa naye atakuwa nani? Si dada yake?

Kicheko kikaisha. Wakatazama ng'ambo ya barabara bila kutaka, kama watu waliosikia jina lao likiitwa. Kwenye baraza la pili kutoka kona, Dada Uzi alikuwa ameinamia cherehani yake, utepe wa kupimia shingoni, mguu ukikanyaga bila haraka. Dada huyo ndiye mpinzani. Hana bango, hana kikosi, wala hajanyoa mtu. Tangu kampeni ianze anashona tu kama anavyoshona siku zote, na jambo hilo lilikuwa linamnyima Mkakati usingizi kuliko bango lolote.

— Anaficha mkakati wake, — Mkakati akanong'ona.

— Anashona, mzee, — Birika akasema. Kisha akamgeukia Wembe. — Na wewe, huo mfuko wa koti utaning'inia hivyo mpaka lini?

Wembe akaushika mfuko. Koti lake jeupe la kazi lilikuwa limechanika mfukoni, pale anapotia chanuo mara mia kwa siku, na Soli alikuwa amelibana kwa pini kubwa ya kufungia magunia.

— Nishone mimi, — Soli akasema. — Uzi wa viatu haukatiki.

— Atembee na koti lenye soli? — Mkakati akakataa. — Sikilizeni. Koti hili tumeshalijadili. Akilipeleka kwa dada yake, mtaa mzima unaona mgombea wetu kaenda kuomba msaada kwa mpinzani. Akilipeleka kwa fundi mwingine, watu wote wanaujua mkono wa Dada Uzi, watasema ameshamkana ndugu yake. Kwa hiyo, kimkakati, pini.

Wembe akaigusa ile pini. Koti lile Dada Uzi alimshonea siku alipofungua kibanda. Alikuwa ameacha pindo kubwa ndani, akamwambia, utanenepa, utalihitaji. Ndivyo alivyozoea. Mama yao alipofariki, Dada ndiye aliyemshonea sare za shule, na kila sare ilikuwa na pindo lililokunjwa mara mbili, likifunguliwa mwaka hadi mwaka, mpaka suruali zake zikawa na mistari chini kama ngazi. Wenzake shuleni walimcheka kwa mistari ile. Yeye alikuwa anaipenda, ila hakuwahi kumwambia mtu.

— Hakuniambia, — akasema ghafla.

— Nani?

— Dada. Akina mama walimfuata nyumbani wakamwomba agombee, akakubali. Mimi nikaja kusikia hapa hapa, kwa mteja, nikiwa nimemshika kichwa. Anacheka ananiambia, hongera bwana, dada yako anakuwa mkubwa wetu. Nikajifanya najua.

— Ndiyo mchana ule ukaenda kuandikisha jina lako, — Birika akasema.

— Ndiyo.

— Kwa hiyo wewe uenyekiti huutaki.

Wembe akazungusha kikombe. Miaka yote watu walimwita mdogo wake Dada Uzi, hata waliokuja kunyolewa ndani ya kibanda chake mwenyewe. Hilo angeweza kulimeza. Kilichomkaa rohoni ni kwamba dada alikuwa na jambo kubwa namna ile na hakumuuliza hata, wewe unaonaje. Alikuwa ameumia, basi. Alikuwa ameumia akagombea, na sasa walikuwa wanapishana kwenye korido ya nyumba moja wakisalimiana kama wapangaji.

— Hilo tusilitoe nje, — Mkakati akasema haraka. — Hilo si la kampeni.

Birika alifungua mdomo amjibu, lakini mama mmoja akasimama mbele ya benchi. Hawakuwa wanamfahamu. Alikuwa na kitambaa cha buluu mkononi, kipya, bado kimekunjwa kama kilivyotoka dukani.

— Samahani ndugu zangu, habari za saa hizi. Mimi mgeni, nimehamia ile nyumba yenye geti la bati. Eti mtaa huu, fundi mzuri wa nguo ni nani?

Benchi zima likakauka. Soli akachukua kiatu akaanza kukipiga misumari mahali palipokwisha kupigwa. Birika, ambaye hajawahi kukosa jibu, akapata kazi ya kuchochea moto. Mkakati akakohoa.

— Inategemea, mama, — akasema. — Mzuri kwa maana gani?

— Kwa maana ya kushona.

— Tuseme, kwa sasa, hatuwezi kutoa msimamo.

Yule mama akawatazama mmoja mmoja, asielewe amekosea wapi.

— Ni sare tu ya mwanangu, — akasema. — Anaanza shule. Na anavyorefuka, nataka mtu atakayeacha pindo la kutosha.

Wembe akaweka kikombe chini. Akainuka.

— Twende nikupeleke, — akasema.

— Mgombea, — Mkakati akamshika koti. — Kaa. Ukivuka barabara hii watu wote wanakuona.

— Mzee wangu, na waone.

Akavuka, yule mama nyuma yake, mfuko ukining'inia kwenye pini. Pale barazani cherehani haikusimama mpaka mshono ulipofika mwisho. Ndipo Dada Uzi akainua kichwa.

— Nimekuletea mteja, Dada, — Wembe akasema.

Dada Uzi akamkaribisha mgeni kiti, akapokea kitambaa, akakipima kwa vidole, akauliza umri wa mtoto, akasema ataacha pindo mara mbili. Yote hayo aliyasema bila kuyaondoa macho kwenye ule mfuko.

— Hiyo pini nani kaiweka?

— Soli.

— Inaonekana.

Wembe alikuwa amejiandaa kusema mengi, na mengi yakamkimbia. Likabaki moja.

— Dada, walipokuomba ugombee, mbona hukuniambia?

Dada Uzi akatoa utepe shingoni, akauzungushia vidole, akaufungua tena.

— Niliogopa utasema nisigombee, — akasema. — Na ungesema hivyo, mdogo wangu, ningekusikiliza.

Wembe akatazama barabara. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni, na hakutaka benchi lione. Miaka yote hii hakujua kwamba neno lake lina uzito kwa mtu yule.

— Basi kura yangu mimi, Dada...

— Kura yako kaa nayo, — akamkatiza. — Lete koti.

Akalivua. Akasimama na fulana mbele ya mtaa mzima, mgombea, mikono haina pa kwenda, na dada yake akaing'oa ile pini akaitupa kwenye kopo la vipande.

Ng'ambo, sauti ya Mkakati ikasikika ikiuliza kama hicho walichokiona ni mkakati au mbinu. Soli alikuwa ameacha kupiga misumari, na Birika alikuwa ameinamisha birika juu ya kikombe, akasubiri, likatoka tone moja.

— Kahawa imekwisha, — akasema. — Kila mtu akafanye kazi yake.

Wembe akavuta kigoda kile cha chini, alichokuwa akikalia zamani akitoka shule, akakaa kando ya cherehani kusubiri.