Saa Sita, Jumapili ya Chicago

Wasikilizaji wapendwa, poleni na theluji. Mzee Harlan Gerndt hatunaye tena. Alifariki Jumanne, hapa hapa Green Bay, akiwa na miaka themanini na moja. Atazikwa Jumapili hii, saa sita mchana, ibada ikiwa katika kanisa la Kilutheri la mtaani kwake. Narudia: Jumapili, saa sita mchana.

Tangu nisome taarifa hii asubuhi, simu hazijatulia. "Mtangazaji, umekosea saa!" "Jamani, mwambieni mchungaji atazame ratiba!" Sijakosea. Mchungaji naye hajakosea. Najua kwamba Jumapili saa sita ndipo timu ya Chicago inapoanza mechi ya mpira wa Kimarekani na sisi, hapa hapa nyumbani. Mzee Harlan naye alijua. Hebu tulieni niwaeleze.

Harlan alikuwa mtu wa kiwanda cha karatasi. Aliingia kijana, akatoka na mvi. Uwanjani alirithi nafasi mbili za kudumu kutoka kwa baba yake, na mnajua wenyewe nafasi hizo zilivyo adimu. Watu huandikisha vichanga kwenye foleni, na wengine huzeeka wakisubiri. Moja ilikuwa yake, ya pili ya mkewe, Mama Verna. Tunaita viti, lakini ni benchi la bati tu, mnabanana na makoti yenu kama viazi guniani. Harlan alikuwa akija na vipande vya boksi kutoka kiwandani, watu waweke chini ya miguu, maana sakafu ile ya zege hula vidole kwa baridi. Aligawia safu nzima. Mshabiki wa Chicago hakupewa.

Timu nne za kundi letu kwenye ligi, sisi tukiwemo, alizipanga kama ukoo. Mama Verna ananiambia: "Detroit aliwahurumia, ila wakitufunga alinuna mpaka Jumatano. Minnesota aliwacheka kwa kuhamia uwanja wenye paa. Alisema mpira wa ndani ni wa paka. Lakini Chicago! Chicago alisema ni ndugu mliyegombea naye shamba. Hamsalimiani, na huwezi kuishi bila kumchungulia."

Na si yeye aliyeuanza ugomvi huo. Sisi na Chicago tunaumizana tangu enzi za babu zetu, mara mbili kila msimu, na kila mmoja wenu ana hadithi yake ya jino lililong'oka.

Sasa sikilizeni. Harlan na Verna walikuwa na mtoto mmoja, Roxanne. Roxanne alikwenda Chicago kufanya kazi, akampenda kijana wa huko, Stan Wojtas. Hilo peke yake lilikuwa msiba. Halafu likaja kosa. Roxanne alipanga harusi yake mwezi wa pili, ifanyike Novemba, Jumapili mchana. Mwezi wa pili! Hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anajua kwamba harusi ya Novemba haipangwi mpaka ratiba ya ligi itoke. Ratiba ikatoka. Siku ileile, saa ileile, Chicago wanakuja Green Bay.

"Badilisha siku," Harlan akamwambia.

"Ukumbi umeshalipiwa, Baba. Badilisha wewe kichwa chako."

"Mimi mechi ya Chicago sijawahi kukosa."

"Na harusi ya mwanao umewahi kwenda ngapi?"

Wasikilizaji wapendwa, Harlan alikwenda kwenye mechi. Mama Verna alikwenda harusini peke yake. Narudia, maana yote yametoka hapo: Harlan alikwenda kwenye mechi.

Wakanuniana miaka mingi. Roxanne akipiga simu, aliongea na mama yake tu. Baba akipokea, anakata. Harlan alijitia hajali, lakini majirani walimwona akizunguka zunguka karibu na simu kila Jumapili jioni.

Kisha Mama Verna akavunjika nyonga, ngazi za uwanja zikamshinda. Harlan akauliza nani atakaa naye mechi ya Chicago. Mama akajibu: "Kiti changu nimempa mkwe wangu. Kama hutaki, kaa nyumbani."

Stan akaja, na koti lake la buluu na chungwa, rangi za Chicago, katikati ya watu wetu wa kijani na manjano. Alizomewa mpaka masikio yakawa mekundu. Harlan alimgeuzia bega nusu nzima ya mechi. Robo ya tatu ya mechi baridi ikakaza, Stan akaanza kupigapiga miguu kwenye zege. Harlan akavuta kipande cha boksi, akakitupa chini. "Kanyaga hapo, mpumbavu wewe. Usije ukanifia, ukanipa kesi na binti yangu."

Stan akakanyaga. Kisha akasema, bila kumtazama: "Siku ya harusi alikusubiri mlangoni mwa kanisa, Mzee. Mchungaji alitaka kuanza, akakataa. Alisema, 'Baba atageuza gari njiani, namjua.' Kinanda kilirudia wimbo uleule mpaka watu wakaanza kukohoa."

Harlan hakulijua hilo. Hakuna aliyewahi kumwambia. Alisimama, akapita mbele ya magoti ya watu, akashuka ngazi huku sisi tunashambulia. Watu walidhani ameugua.

Roxanne alikuja na Stan, akabaki kwa mama yake; alikuwa jikoni anamenya karoti. Ananiambia: "Nilisikia mlango. Redio bado inatangaza mechi. Nikamuuliza, imeisha? Akasema, bado. Nikasema, haijaisha, na wewe uko hapa? Akasema, niko hapa. Nililia mpaka nikaudhika."

Tangu hapo walikuwa baba na binti.

Majuma mawili yaliyopita, hospitalini, Harlan aliomba asomewe ratiba. Akamwambia Roxanne: "Nikifa kabla ya Chicago, nizikeni siku hiyo, mpira unapoanza. Nilikuacha umesimama mlangoni unatazama barabara. Na mimi niwasubiri watu nione."

Roxanne alikataa. Mzee akashikilia. Mchungaji alimwonya Roxanne kwamba kanisa litakuwa tupu. Roxanne akamjibu: "Ndivyo alivyotaka, na mimi nitakuwepo." Stan atashika jeneza. Anasema itakuwa mechi yake ya kwanza ya Chicago kuikosa tangu siku ya harusi yake, na asije mtu akamwambia matokeo ibadani.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Mama Verna, Roxanne, Stan na jamaa wote wa Gerndt. Mungu awatie nguvu. Sitamlaumu mtu. Tiketi yangu ya mechi nimempa shemeji yangu, naye aliipokea bila kuniuliza mara mbili. Kila mmoja afikirie tu ni nani aliyemwacha mlangoni kwa ajili ya jambo ambalo lingekuja tena msimu ujao.

Jumapili, saa sita mchana. Mama Verna ameniomba niongeze neno moja: "Waambie watakaokuja wavae makoti mazito. Kanisa likiwa na watu wachache huwa na baridi."